Utupa, pareto na mwarobaini: dawa ya majani inapofanya kazi na inaposhindwa

Mkulima wa kabichi wa Uporoto, Mbeya, na mkulima wa nyanya wa Ilula, Iringa, wanaweza kuchuma majani ya utupa kwenye kichaka kimoja, wakautwanga na kuuloweka kwa namna moja, kisha wakaja na majibu mawili yasiyofanana hata kidogo. Wa kabichi atakwambia dawa ya majani ni kiboko. Wa nyanya atakwambia ni porojo. Wote wawili wanasema kweli. Mmoja alikuwa anapambana na wadudu mafuta (vidukari) walioganda juu ya jani, mwingine alikuwa anapambana na kantangaze, kiwavi wa nyanya, aliyejichimbia katikati ya jani, mahali ambapo sumu ya utupa haifiki.

Hapo ndipo maongezi mengi ya dawa za mimea yanapokwama. Watu wanapeana mapishi tu: kilo ngapi, lita ngapi, loweka siku ngapi. Hawaulizi ndani ya jani mna sumu gani, inamuua mdudu kwa njia ipi, na kitu gani kinaiharibu kabla haijamfikia. Jani lenye sumu ni kiuatilifu sawasawa na kile cha duka la pembejeo, ila hiki hakina lebo. Kiwango, muda wa kusubiri kabla ya kuvuna, tahadhari, vyote hivyo inabidi uvijue mwenyewe.

Kwanza mdudu, halafu jani

Karibu dawa zote za majani zinafanya kazi kwa kumgusa mdudu au kwa kuliwa naye. Kwa hiyo swali la kwanza ni anaishi wapi. Wadudu mafuta, viwavi wachanga wa nondo mgongo wa almasi, na mbawakavu wadogo wanaotoboa majani ya figiri na chainizi wako wazi, dawa inawapata ukipiga vizuri chini ya jani. Thiripi wa vitunguu wanajibana kwenye maungio ya majani, pale katikati, hivyo unahitaji maji mengi yatiririke hadi ndani. Sota anakaa udongoni mchana na kukata miche usiku. Kumpigia majani ya kabichi dawa mchana ni kupoteza nguvu. Viwavi wakubwa walioingia ndani ya kichwa cha kabichi wameshakushinda, dawa yoyote ya kugusa haiwafikii.

Kantangaze, ambaye aliripotiwa nchini Tanzania mwaka 2014 akianzia Arusha, ni mdudu wa kushughulikiwa kwa mitego ya feromoni (harufu inayovuta nondo dume), kuondoa majani yenye mahandaki na kuyachoma au kuyafukia, na kutoacha mabaki ya nyanya shambani baada ya mavuno. Mwarobaini unaweza kusaidia kidogo kwa sababu viini vyake hupenya jani kwa kiasi fulani. Utupa na pareto, sahau.

Na jambo ambalo linasahaulika kila msimu wa mvua: ukungu wa nyanya na viazi si mdudu. Kupiga utupa kwenye baka jani hakufanyi chochote zaidi ya kuongeza unyevu kwenye jani ambalo tayari linaoza kwa unyevu.

Utupa

Kwa mkulima wa mboga wa Mbeya, Iringa au Njombe, huu ndio mmea wa kwanza kuujua. Unaota vizuri kwenye mwinuko wetu, isipokuwa sehemu zinazopigwa na jalidi kama Kitulo na juu kule Makete. Sumu yake ni ya jamii ya rotenoni, na imejaa zaidi kwenye majani. Vijiti vina kidogo sana, kwa hiyo ukipima kilo ya majani na vijiti vyake umejidanganya kwenye mizani. Rotenoni inazuia seli za mdudu kutengeneza nguvu kutokana na hewa anayovuta. Hadondoki palepale. Anaacha kula, anazubaa, halafu anakufa baada ya saa kadhaa hadi siku mbili tatu. Anayepiga jioni na kukagua asubuhi yake akitarajia maiti atasema dawa imeshindwa wakati bado iko kazini.

Sasa jambo ambalo linawavunja moyo watu bila wao kujua. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012, uliohusisha utupa wa mashamba ya wakulima wa Malawi, ulionyesha kwamba kuna aina mbili za utupa kikemia. Moja ina rotenoni za kutosha. Nyingine haina, na haiui wadudu, ingawa inarutubisha ardhi kama mwenzake. Kuzitofautisha kwa macho si rahisi. Ukipewa mbegu na jirani ambaye dawa yake haijawahi kuua mdudu, na wewe utapanda kisichoua mdudu, kisha utalaumu vipimo. Namna ya kujua iko chini, kwenye sehemu ya majaribio.

Kiwango kinachotumika sana kwenye majaribio ya mashambani Afrika Mashariki ni asilimia 10: kilo moja ya unga wa majani makavu kwa lita 10 za maji. Angalia neno makavu. Majani mabichi yana maji kama robo tatu ya uzito wake, kwa hiyo kilo moja ya unga ni sawa na kilo nne hivi za majani mabichi. Hapa ndipo mtu anaposikia “kilo moja lita kumi”, anakwenda kuchuma kilo moja mbichi, na kuishia na dawa yenye nguvu ya robo. Kwa majani mabichi anza na kilo 2 kwa lita 10 kwa wadudu mafuta, na upande hadi kilo 3 au 4 kwa viwavi.

Majani yakaushwe kivulini, yametandazwa, yageuzwe mara mbili kwa siku. Jua linaharibu rotenoni hata kwenye jani lililokwisha kukatwa. Yakikauka yawe bado na rangi ya kijani. Yakigeuka kahawia kabisa, ulichelewa au uliyarundika yakachemka. Twanga kwenye kinu ambacho hakitumiki kwa chakula. Tafadhali usipeleke utupa kwenye mashine ya unga wa sembe ya kijiji, hata kama mwenye mashine ni shemeji yako. Funga kitambaa puani unapotwanga, kwa sababu vumbi la utupa ndilo hatari kubwa kuliko maji yake.

Loweka hivi: kilo moja ya unga kwenye lita 7 za maji ya baridi, pamoja na sabuni. Sabuni iingie hapa mwanzoni, si wakati wa kujaza bomba. Rotenoni haipendi maji. Sabuni ndiyo inayoivuta kutoka kwenye jani. Mililita 10 za sabuni ya maji zinatosha kwa lita 10, au sabuni ya mche kipande cha ukubwa wa nusu ya kiberiti, kikwaruzwe na kuyeyushwa kwenye maji ya uvuguvugu kwanza. Acha usiku mzima, ndoo imefunikwa, ndani ya banda. Asubuhi usichuje bado kama utapiga jioni, chuja mchana. Kamua makapi kwa nguvu kwenye kitambaa, yamwagie lita 3 zilizobaki, kamua tena, halafu ongeza maji hadi itimie lita 10. Unga unakunywa maji mengi sana, na asiyesuuza makapi anatupa sehemu kubwa ya dawa yake jalalani.

Usichemshe. Kuna imani kwamba kuchemsha kunatoa nguvu yote. Kwa utupa na pareto moto unaua dawa. Usiache ioze wiki nzima pia. Harufu kali si dalili ya ukali, ni bakteria, na maji yaliyooza ukiyapiga kwenye chainizi au saladi unampelekea mlaji kuhara.

Kwa habari ya kupanda: weka mbegu mwanzo wa mvua, Novemba au Desemba, mbili kwa shimo, mita moja kwa mita moja, zilizolowekwa usiku kucha kwa sababu ganda ni gumu. Pembezoni mwa shamba ndipo pake. Usiupande mahali utakapoweka nyanya msimu unaofuata, maana mizizi ya utupa huhifadhi minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi ya nyanya. Na usiukate chini kabisa kama unavyokata mti wa lusina. Utupa hauchipui vizuri kwenye kisiki. Chuma matawi ya pembeni, uache ya juu.

Pareto iko Umalila, Makete na Mufindi, na bado tunanunua dawa ya kopo

Inashangaza kidogo. Nyanda za Juu Kusini ndiyo kitovu cha pareto ya Tanzania, kiwanda kiko Mafinga, maua yanasafiri duniani kote, halafu mwenye bustani ya figiri anayeishi katikati ya mashamba hayo hajui kwamba ua analoliuza ni dawa kamili.

Sumu ya pareto, piretrini, iko kwenye kitovu cha njano cha ua, hasa kwenye vijimbegu vyake. Vile vipande vyeupe vya pembeni vina kidogo mno, kwa hiyo vikidondoka wakati wa kukausha usihuzunike. Ua la kuchuma ni lile ambalo vipande vyeupe vimelala bapa na duara kadhaa za njano, kuanzia ukingoni, zimekwisha kufunguka. Ua ambalo bado limefumba lina sumu ndogo, na lililopauka kabisa limeanza kuipoteza. Kausha hadi kitovu kikiminywa kwa kidole gumba kinapukutika. Hifadhi maua yakiwa mazima, kwenye mfuko usiopitisha mwanga, na usage siku ileile ya kupiga. Unga unapoteza nguvu haraka kuliko ua zima.

Maua makavu mazuri yana piretrini kati ya asilimia 1 na 2. Gramu 50 za unga kwa lita 10 zinatosha kuanzia kwa wadudu mafuta, inzi weupe na viwavi wachanga. Ukichanganya unga moja kwa moja na maji unaelea na kukwama, kwa hiyo tengeneza uji mzito kwanza: unga, mililita 10 za sabuni ya maji, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya ufuta, na maji ya uvuguvugu kidogo. Koroga hadi mafuta yapotee machoni. Kaa saa moja, ongeza maji hadi lita 10, chuja mara mbili, piga jioni hiyohiyo.

Ufuta haukuwekwa hapo kwa ajili ya kugandisha dawa kwenye jani. Pareto inaangusha mdudu kwa dakika chache kwa kuvuruga mishipa yake ya fahamu, lakini mwili wa mdudu una uwezo wa kuivunja sumu hiyo. Kama kiwango kilikuwa kidogo, saa chache baadaye anainuka na kuendelea na mlo. Mafuta ya ufuta yana viini vinavyozuia mwili wake kufanya kazi hiyo ya kuvunja, jambo linalojulikana tangu miaka ya 1940. Mafuta ya alizeti hayana viini hivyo. Yatasaidia jani kulowana, basi.

Udhaifu wa pareto ni jua. Ukipiga saa nne asubuhi, hadi saa nane mchana sehemu kubwa imekwisha. Udhaifu huohuo ndio unaoifanya ifae kwa mboga zilizo karibu kuvunwa.

Mwarobaini ni wa bondeni

Mti huu hauipendi baridi yetu. Ule uliopandwa Uyole au Mafinga unakaa kama umechukia, na mbegu hautoi za maana. Mbegu nzuri zinatoka sehemu za joto: Usangu, Pawaga, Ruaha Mbuyuni. Kwa hiyo mkulima wa juu anapaswa kuagiza, na aagize mbegu, si majani. Majani yana kidogo azadirakitini, sumu ya mwarobaini, na wanaoyachemsha ndoo kwa ndoo wanapata maji machungu tu.

Mbegu ziokotwe zikiwa zimeiva njano, nyama ya nje itolewe, zioshwe na kukaushwa kivulini. Zilizoota ukungu usitumie kabisa, kwanza hazina nguvu, pili zinaweza kuwa na sumukuvu. Tumia ndani ya miezi minane au kumi tangu kuokotwa. Menya, twanga kiini, gramu 500 kwa lita 10, sabuni kiasi kilekile, usiku mmoja, chuja, piga.

Mwarobaini hauui kwa haraka. Kiwavi anapoteza hamu ya kula na anashindwa kujivua ngozi ili akue. Kwa hiyo usihesabu maiti. Hesabu matundu mapya. Chagua kabichi kumi, weka alama ya rangi kwenye majani machanga ya katikati siku ya kupiga, na siku ya tano angalia kama majani yaliyotoka baadaye yana matundu. Kwa wadudu wazima mwarobaini ni dhaifu, na anayesubiri mpaka shamba limejaa ndipo apige amechelewa.

Mengine

Alizeti pori, ile ya njano inayojaa kando ya barabara kutoka Uyole kwenda Tukuyu, inafukuza na kuua kwa kiasi. Kwa wadudu mafuta kwenye maharage machanga na njegere inatosha, kwa kipimo kilekile cha utupa. Ni ya bure na haina hatari kubwa, kwa hiyo mwenye bustani ndogo aanze nayo. Pilipili kichaa na kitunguu saumu vinasifiwa kuliko vinavyostahili. Vinafukuza, havitokomezi, na bei ya saumu sokoni ingekununulia dawa ya dukani ukabaki na chenji. Mashona nguo yamejaribiwa na yana nguvu kiasi, lakini kazi ya kuyakusanya ni kubwa.

Tumbaku usiiguse. Wapo wanaoiloweka, hasa wale wenye ndugu Chunya inakolimwa. Nikotini, sumu yake, inapita kwenye ngozi na kukuangusha wewe kabla ya kiwavi, na juu ya hapo majani ya tumbaku hubeba virusi vya batobato ambavyo vinaingia moja kwa moja kwenye nyanya, hoho na pilipili. Unaua wadudu mafuta na kupanda ugonjwa usio na tiba.

Na jivu. Karibu kila maelekezo ya mdomo yanamalizia na “ongeza jivu kidogo”. Jivu kavu kuzunguka shina la mche ni jambo jema. Jivu ndani ya ndoo ya pareto, mwarobaini au utupa ni uharibifu, kwa sababu maji ya jivu yana magadi na magadi yanavunja sumu zote tatu. Sabuni ya unga ya kufulia ina kasoro hiyohiyo na zaidi inababua majani. Hata sabuni nzuri, ukizidisha mara kumi ya kipimo, utaona kingo za majani ya nyanya zikikauka baada ya siku mbili, na utadhani ni ugonjwa.

Bomba, saa na kiasi cha maji

Baridi ya Uporoto inadanganya. Unavaa koti, lakini miale ya jua kwenye mwinuko ule ni mikali kuliko ya bondeni, na ndiyo inayoharibu dawa hizi. Piga kuanzia saa kumi na moja jioni. Asubuhi haifai kwa sababu nyingine: umande na ukungu umeshalowesha jani, dawa inakutana na matone na kudondoka chini. Jioni pia nyuki wamerudi mzingani. Pareto inawaua kama inavyoua kiwavi, kwa hiyo kwenye njegere na maharage yenye maua jioni si chaguo, ni lazima. Mvua ikinyesha usiku ule, rudia.

Jani la kabichi lina nta. Dawa isiyo na sabuni inatengeneza shanga zinazobingirika. Dalili ya kipimo sahihi ni jani kulowana lote na kung'aa bila kutiririka. Elekeza nozeli juu, kutokea chini ya jani. Hapo ndipo mayai, wadudu mafuta na viwavi wadogo wanapokaa, na hapo ndipo bomba linalopigwa kwa kupunga mkono kutoka juu halifiki. Nozeli ikiziba kila baada ya dakika tano, kosa ni la uchujaji: chandarua peke yake haitoshi, pitisha kwenye kanga chakavu iliyokunjwa mara mbili.

Ili ujue unahitaji kiasi gani, usikisie. Pima mraba wa mita 10 kwa 10, jaza bomba maji matupu, piga mraba huo kama utakavyopiga dawa, kisha pima maji yaliyotumika. Zidisha kwa 40 upate eka. Kabichi zilizokaribia kufunga zikila lita 6 kwa mraba, eka inataka lita 240, sawa na mabomba 15 ya lita 16. Kwa kilo 2 za majani mabichi kwa lita 10, hiyo ni kilo 48 za majani, bila vijiti, kwa mpigo mmoja. Na utarudia kila baada ya siku tano hadi saba mpaka viwavi wapungue, kwa sababu mayai hayakufa na dawa haidumu. Mwenye robo eka anaiweza hesabu hii kwa ukuta wa utupa pembezoni. Mwenye eka tatu za kabichi anaweza kuishia na vibarua wa kuchuma majani wengi kuliko wa kuvuna, na kwake ni afadhali dawa ya dukani iliyosajiliwa, iliyochaguliwa vizuri, na kutunza utupa kwa ajili ya kitalu.

Kabla ya kurudia, kagua. Kwenye kabichi tafuta vifuko vya nondo mgongo wa almasi chini ya majani. Kifuko cha kawaida ni wavu mwembamba ambao unamwona buu la kijani ndani yake. Ukikuta ndani ya wavu kuna kitu kigumu, chenye umbo la pipa, kisichopitisha mwanga, huyo ni nyigu mdogo aliyekwisha kumla kiwavi. Ni msaidizi aliyeletwa Afrika Mashariki mwanzoni mwa miaka ya 2000 na anapenda baridi kama yetu. Kwenye wadudu mafuta tafuta waliovimba na kugeuka rangi ya karatasi ya kaki: wana nyigu tumboni. Vifuko au wadudu wenye nyigu wakizidi nusu ya unaowaona, weka bomba chini siku tano ukaangalie tena. Utupa na alizeti pori vinawaachia hawa nafasi kuliko dawa nyingi za dukani, lakini si kwamba haviwagusi kabisa. Pareto haichagui.

Jaribio la makopo manne

Hili linafanyika mezani na linaokoa msimu. Chukua majani manne ya kabichi yenye wadudu mafuta, kila jani ubakishe 20 wanaotembea, wengine wafute. Jani la kwanza lichovye kwenye maji matupu. La pili kwenye maji ya sabuni, kipimo kilekile cha dawa. La tatu kwenye dawa yako kamili yenye sabuni. La nne kwenye dawa iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji ya sabuni. Sekunde tano kila moja, yaning'inize yakauke, weka kwenye makopo yenye kitambaa chembamba mdomoni, kivulini. Hesabu waliokufa baada ya saa 24, 48 na 72.

Kopo la pili ndilo linalofichua ukweli. Sabuni peke yake inaua wadudu mafuta wengi, na “dawa za majani” nyingi zinazosifiwa zilikuwa ni sabuni yenye rangi ya kijani. Kama kopo la tatu halizidi la pili, basi una utupa wa ile aina isiyo na sumu, au uliukausha juani, au uliuchemsha. Badilisha kitu kimoja, rudia. Kama la nne linalingana na la tatu, umekuwa ukitwanga majani mara mbili ya unayohitaji. Fanya hivi pia kila unapopata mbegu mpya ya utupa au maua ya pareto yaliyolala mwaka mzima.

Sumu ni sumu

Babu zetu walivulia samaki kwa utupa, na hiyo peke yake inatosha kukueleza. Bustani zetu za vinyungu ziko mabondeni, hatua chache kutoka kwenye kijito, na siku hizi mabwawa ya samaki yamejaa kuanzia Rungwe hadi Njombe. Bomba la utupa au pareto likisuuzwa kwenye mfereji wa kumwagilia linaweza kumaliza perege wa jirani aliye chini yako. Acha angalau mita 10 bila kupiga kutoka ukingo wa maji, suuza bomba juu kwenye ardhi kavu, makapi yafukie mbali na maji.

Kwa binadamu, rotenoni ikiliwa haina nguvu kama ya nikotini, lakini tafiti zimeihusisha na ugonjwa wa Parkinson kwa walioishika kwa muda mrefu, na Umoja wa Ulaya uliiondoa kwenye viuatilifu vinavyoruhusiwa mwaka 2008. Anayelima maharage machanga kwa mkataba wa kuuza nje asiguse utupa bila kumuuliza mnunuzi. Vaa glovu, mikono mirefu, barakoa wakati wa kutwanga na kupiga. Pareto inawasumbua wenye pumu na kuwatoa wengine vipele. Mtu wa namna hiyo asiisage. Kwa mboga za kula, tahadhari nzuri ni siku 7 baada ya utupa, siku 3 baada ya mwarobaini na angalau siku 2 baada ya pareto, kisha kuosha kwa maji safi.

Kuhusu kuuza: kutengeneza kwa ajili ya shamba lako ni jambo moja, kuweka kwenye chupa na kuuza ni jambo jingine. Kiuatilifu chochote kinachoingia sokoni, hata cha majani, kinapaswa kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Jirani akikuomba, mpe mbegu ya utupa na vipimo. Usimpe dawa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, na usiibakishe hata kwako. Dawa iliyochujwa jana leo haina kazi shambani, ila kwa mtoto mwenye kiu bado ni sumu.